Fundi Aliyepima kwa Uzi

Kwanza nikuambie kwamba chai ninayokunywa nikiandika haya haina sukari. Ni chai ya maziwa ya ngamia, iliki imo, tangawizi imo, lakini sukari hakuna, na mtu wa Garissa akikuambia anakunywa chai bila sukari lazima umuulize ni nani amemkosea. Nitafika huko. Nina tabia ya kuanzia mkiani, mke wangu amenisema mpaka amechoka.

Ninayetaka kumweleza ni fundi. Jina analo, tena jina zuri, ila hakuna aliyelitumia. Mafundi mjini ni wengi kuliko magari, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni yule wa magurudumu ya mbele, yule mwenye kibanda cha turubai nyuma ya soko la mifugo. Injini hakutengeneza. Breki hakugusa. Ukimletea gari linalotoa moshi alikuonyesha kibanda cha jirani kwa kidevu, hata mdomo hafungui. Kazi yake ilikuwa moja tu: magurudumu ya mbele yaelekee mbele. Siku hizi pale pana duka la magodoro, na yeye yuko Isiolo kwa binti yake. Kila nikipita nageuza shingo kama mjinga.

Wa wapi? Hapo umenikamata, maana huku kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Mtu hajakaa chini, hajapewa maji, ameshaulizwa ukoo wake mpaka babu wa babu. Yeye hakujibu. Nilimsikia mara nyingi akiulizwa na wateja wapya, wazee wenzetu wenye bakora na ndevu za hina.

"Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa hapa kivulini."

"Hapana, walaal, ndugu yangu, nauliza ukoo."

"Na mimi nakuuliza, tairi la kushoto mara ya mwisho ulilitia upepo lini?"

Wakati wa kura, watu wakianza kununiana na kugawana hata mabomba ya maji, kibanda chake kilikuwa kimejaa watu wa kila upande, wamekaa kwenye matairi mabovu wakingoja zamu, kila mmoja akiamini moyoni kwamba Fundi ni wa kwao. Nami sitakuambia alizaliwa wapi. Nilipata kusikia, nikasahau kwa makusudi.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mguu. Mguu wangu wa kulia ulivunjwa na ngamia dume nikiwa bado kijana, ukaunganika vibaya, na tangu hapo kutembea porini kwangu ni shida. Kisha mradi mmoja wa mifugo ukafunga ofisi yake hapa, wakauza vitu, nikanunua kwadi. Kama hujaiona, kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne, manene kama matikiti, ina keria ya chuma mbele na nyingine nyuma. Watu walinicheka. Walisema mzee amenunua kiti cha choo chenye injini. Lakini kwadi ile ndiyo iliyonipeleka kwa ngamia wangu ng'ambo ya Balambala wiki baada ya wiki, nikalala nao, nikanywa maziwa, nikarudi. Kijana wangu yuko Eastleigh, ana duka la nguo, na kila akipiga simu wimbo ni ule ule: "Aabo, uza ngamia, njoo ukae na sisi, kuna lifti, hutapanda ngazi." Mimi lifti naijua. Niliingia mara moja, nikatoka bila kuona nilikopita. Kwa hiyo elewa jambo hili mapema: kwadi ikinyooka, mimi ni mtu mwenye ngamia. Kwadi ikipinda, mimi ni baba wa mtu fulani, nimewekwa kwenye kochi Eastleigh.

Sasa namna yake ya kufanya kazi. Kwanza alimwaga maji. Alikuwa na birika la plastiki la kutawadhia, anainama, anamwaga kidogo pale mahali gari litakaposimama, anatazama maji yanaelekea wapi. Yakituama, sawa. Yakikimbia upande, anachukua sepetu anasawazisha mchanga, anamwaga tena. Wapita njia walilalamika. Sisi ni watu wa ukame, mtu anayemwaga maji chini tunamtazama kama anayetupa chakula. Mama mmoja muuza maziwa alikuwa akimpigia kelele kila asubuhi: "Fundi, mchanga una kiu gani kunishinda mimi?" Naye anamjibu bila kuinua kichwa: "Njoo ulale hapa nikumwagie wewe."

Ile ya maji ilikuwa na asili yake. Zamani hakuwa akimwaga. Halafu watu wa mabomba walikuja wakachimba mtaro karibu na kibanda, wakafukia ovyo, ardhi ikainama kidogo, kidogo sana, jicho halioni. Fundi akafanya kazi siku nzima pale. Kesho yake walirudi wote. Kila gari lililopita mikononi mwake lilikuwa linavuta kushoto, kama kundi la mbuzi waliosikia sauti ya mchungaji mmoja. Foleni ilifika mpaka machinjioni. Watu wana hasira, wengine wanamtukana. Unafikiri aliomba radhi? Alitoka, akakunja mikono, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Mimi sikukosea. Ardhi ndiyo imekosea." Kisha akayarudia yote bure, hakula mchana, na tangu siku hiyo birika halikutoka kando yake. Kwa kinywa, kosa hakukiri kamwe. Kwa birika alikiri kila asubuhi.

Akimaliza maji, alipima upepo wa matairi, kwa kuwa tairi moja likilegea kipimo chote ni uongo. Kisha anafunga usukani kwa ukanda wa mpira wa tyubu usicheze. Halafu uzi. Ni ule uzi mnene wa kushonea magunia. Aliufunga nyuma ya tairi la nyuma, akauvuta mbele ukipita ubavuni mwa magurudumu yote mawili, upande huu na upande ule, akachuchumaa na kuutazama kwa jicho moja. Penye gurudumu la mbele uzi unasema kila kitu: unagusa wapi, umeachana wapi. Mbele kwenyewe alipima nafasi kati ya matairi kwa vijiti viwili alivyovibana pamoja kwa mpira, akatia alama ya chaki hapo alipopima, akasukuma mashine mpaka alama izunguke iende nyuma, akapima tena. Alitaka mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa unene wa njiti ya kiberiti. "Vidole viangaliane kidogo," alisema, "kama mtu mwenye adabu akisimama mbele ya baba mkwe."

Baada ya hapo ndipo alipolala chini, akalegeza nati, akazungusha zile fimbo mbili za chuma zinazounganisha usukani na magurudumu, kulia kidogo na kushoto vilevile, maana ukizungusha upande mmoja tu utapata magurudumu yaliyonyooka na usukani uliopinda, na mtu atakwenda mpaka Hulugho njia nzima akidhani anapiga kona.

Lakini jambo lililomtofautisha na wengine wote ni hili: hakupima kitu kitupu. Gari lazima mwenyewe awemo. Kwadi lazima mwenyewe akae juu yake, na mzigo wake wa siku zote, si mwingine. Mimi nilikuja na jerikani za maji, kamba, shuka, na gunia dogo la unga, kama ninavyokwenda kwa ngamia. Nikapanda, nikakaa, nikaambiwa nisipumue kwa nguvu. Alieleza kwamba mtu akikaa, springi zinashuka, na zikishuka vidole vya magurudumu vinageuka. "Mashine bila mtu ni kitanda bila mtu," aliniambia. "Unapima nini hapo?" Mtu akimtuma dereva amletee gari la bosi, Fundi alimrudisha. Mkubwa mmoja wa ofisi alilazimika kuja mwenyewe, akakaa ndani ya gari na suti yake kwenye joto lile, madirisha wazi, jasho linamtiririka, na Fundi chini ya gari akimwambia, "Usijisogeze, bosi, kila ukikuna mgongo naanza upya." Nafikiri alifurahia. Sisemi alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na majivuno ya kutosha familia mbili.

Mwisho kabisa kulikuwa na jaribio. Nyuma ya soko kuna uwanja wa mchanga, mpana, hauna kitu siku ambazo si za mnada. Unakwenda pale na mashine yako, unaendesha polepole, yeye anatembea nyuma, macho chini. Anatazama alama za magurudumu mchangani vile mtu anavyofuata nyayo za ngamia aliyepotea. Gurudumu la nyuma likanyage alama ya la mbele, lisitoke nje. Kisha anapaza sauti, neno moja:

"Achia!"

Unaachia usukani. Mikono hewani. Hapo ndipo utajua. Kama mashine inakwenda yenyewe moja kwa moja, kazi imekwisha. Mara ya kwanza niliogopa, nikaachia mkono mmoja. Akanifokea, "Waryaa wewe, nimesema achia, sikusema achia nusu!" Nikaachia yote miwili. Kwadi ikaenda, na mimi juu yake nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa, watoto wa madrasa wakipiga makofi kutoka ukutani.

Nimesema alitazama alama. Matairi yenyewe aliyasoma pia, na hapo aliwahi kujitia matatizoni. Alikuja mchinjaji mmoja na pikapu, mke wake yuko ndani. Fundi akapitisha kiganja kwenye tairi, akachokonoa mchanga uliojibana, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake, "Hili tairi linapenda Balambala." Mchinjaji akasema hapana, mimi siendi Balambala, nazunguka hapahapa mjini. Fundi naye hakuweza kuvumilia kuambiwa tairi lake linadanganya. "Limelika ukingo wa nje, na huu mchanga si wa mjini, huu ni wa ile njia ya kando ya mto. Linakwenda na kurudi." Mchinjaji akabadilika rangi. Ndipo sote tulipokumbuka yaliyokuwa yakinong'onwa, kwamba ameoa mke wa pili huko. Mkewe akatoa kichwa dirishani, taratibu, akarekebisha mtandio.

"Fundi," akasema, "Balambala mimi najua. Hebu liulize vizuri hilo tairi, ni kila wiki au kila siku?"

Tulicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na miraa. Lakini Fundi hakucheka, na tangu siku ile akisoma tairi alifunga mdomo. Aliona mengi, nina hakika. Ukimwangalia usoni ulijua anajua. Lakini hakusema tena.

Sasa sanduku. Alikuwa na sanduku la chuma, la kijani, zito, ndani spana zake, nyundo, ule uzi, vijiti, chaki. Huyu mtu alikuwa mkarimu kupita kiasi. Nilimwona akimpa mgeni sahani yake ya anjera na nyama, yeye akabaki na chai. Kipindi cha baridi alimvulia mwendawazimu wa sokoni koti lake mwenyewe. Lakini spana? Uombe spana ya Fundi! Fundi jirani yake, waliyeswali safu moja miaka na miaka, alimwomba spana aifungie nati moja tu, hapo hapo, hatua chache. Fundi akamwambia, "Chukua chakula changu, spana niachie." Sanduku lilimfuata kila alikokwenda. Msikitini aliliacha mlangoni, penye viatu, na mimi nilidhani moyo wake uko huko mlangoni wakati wa swala, Mungu anisamehe kwa kumdhania.

Na jambo la mwisho kabla sijafika ninapokwenda. Fundi hakupanda gari. Wala pikipiki, wala kwadi, wala mkokoteni wa punda. Alitembea. Nilimuuliza sababu mara tofauti, akanipa majibu tofauti. Mara alisema aliwahi kuanguka kutoka juu ya lori huko Lafey. Mara akasema akiwa ndani ya gari anasikia magurudumu tu, hasikii anachoambiwa na watu. Mara nyingine alinitazama tu. Wenye magari waliomtegemea walijitolea kumchukua popote, naye alikataa. Dada yake alipofariki Hulugho, watu walimwambia ingia, tutakufikisha leo. Alikwenda kwa miguu na wafanyabiashara wa mifugo, sanduku likabebwa na ngamia. Akafika watu wameshatawanyika, kaburi limeshakauka. Alirudi hakuzungumzia. Nami sikuuliza, ingawa mimi huuliza kila kitu.

Basi. Asubuhi ninayotaka kuisema.

Kwadi ilianza kuyumba. Si kuvuta upande mmoja, hapana, kuyumba, mbele inatangatanga kama mbuzi mwenye ugonjwa wa kichwa. Nikishika usukani kwa nguvu mikono inachoka. Njiani kuelekea kwa ngamia nikiwa ukingoni mwa laga, yaani mto mkavu, magurudumu yaliteleza kushoto yenyewe, na kama si mzizi wa mti ningelala chini kule na kwadi juu yangu. Nilikaa pale mchangani muda mrefu. Nikawa nasikia sauti ya kijana wangu ikisema lifti. Nikarudi mjini, nikaenda kwenye gereji moja ya barabarani, wakaniambia vyuma vyote vya mbele vimekwisha, nunua vipya. Wala hawakulala chini kuangalia.

Nikaenda kwa Fundi. Nilikuwa sijafika kwake muda mrefu, na kusema kweli nilikuwa naogopa nitakachokikuta. Watu walikuwa wamepungua. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, yale macho meupe ya uzeeni. Alinitambua kwa sauti ya injini kabla sijazima.

"Waryaa, mzee wa kiti cha choo. Bado hujafa?"

"Nabad, salama tu, Fundi. Bado. Na wewe bado hujaoga?"

"Leta hiyo kitu. Inalia."

Akamwaga maji. Lakini hakuyatazama, aliyafuata kwa vidole, mkono umelala mchangani. Akafunga usukani. Nikapanda na mzigo wangu kama kawaida. Akavuta uzi, na jicho lililokuwa likiusoma zamani sasa lilikuwa kidole gumba, kinapita juu ya uzi taratibu kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele. Akapita mara ya pili. Akaenda upande wa pili. Akatia mkono kwenye springi ya mbele, akaushikilia hapo kama daktari anayetafuta mshipa.

"Shuka."

Nikashuka.

"Panda."

Nikapanda.

"Mzigo ni ule ule?"

"Ule ule. Maji, kamba, shuka, unga."

Akatikisa zile fimbo za chuma, akapima nati kwa vidole. Akasema, "Chuma kiko sawa. Hakuna kilicholegea hapa." Nikafurahi, nikasema alhamdulillahi, basi zungusha nati twende. Hakusogea. Mkono bado uko kwenye springi.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto. Nilikupima wewe kwenye mashine hii. Springi hii nakujua nayo. Leo haijashuka inavyostahili, vidole vimetazama nje. Nusu yako iko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kicheko changu kikabaki peke yake hewani, nikakimeza.

Sikuwa nimemwambia mtu. Kikoi nilikuwa nakikaza kila siku zaidi, nakizungusha mara ya ziada kiunoni ili kisionekane. Mke wangu alidhani nafunga saumu za sunna, nami nikamwacha adhani. Kiu ilikuwa haikatiki. Nakunywa maji jerikani nzima kama ngamia, nakunywa chai, wakati huo bado natia sukari mpaka kijiko kinasimama, na kiu iko palepale. Kutoka nje kukojoa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilijua ni ugonjwa, mimi si mjinga kiasi hicho. Lakini nilijua pia nikitamka neno hospitali, kijana wangu atakuja na gari, na gari lile halitanirudisha. Ndiyo maana nilinyamaza. Nikamwambia Fundi yote hayo, nimekaa juu ya kwadi, sauti ya chini, kama mtu anayeungama kwa usukani.

"Nifungie tu nati," nikamalizia. "Nipime hivi nilivyo. Nifike kwa ngamia, kisha nitaona."

"Sifungi."

"Kwa nini?"

"Nikifunga hapa, itanyooka. Wallahi itanyooka. Na wewe utaona imenyooka, utasema umepona. Utakwenda huko porini, utaanguka, na kwadi itakwenda moja kwa moja bila wewe."

"Wakijua naumwa, kijana atauza ngamia."

"Na ukifa atafanya nini? Atawakamua dukani?"

Nikageukia upande mwingine nikamshambulia. "Na wewe macho yako? Hospitali hiyohiyo wanatoa ukungu wa macho, kila mtu anajua. Mbona hujaenda?"

"Macho yangu yako hapa kivulini, hayana safari."

"Basi na mimi sina safari."

Tukabaki hivyo, wazee wawili wenye vichwa vigumu, uzi bado umefungwa kwenye magurudumu. Yule mama wa maziwa akapita akatusalimu, hakuna aliyeitika. Akasema, "Haya, msiniambie mmegombana kwa sababu ya tairi," akaenda zake.

Fundi ndiye aliyesimama kwanza. Akafungua uzi, akauzungusha kwenye kiganja, akaurudisha mahali pake ndani ya sanduku. Akafunga sanduku. Kisha akaliinua, magoti yanalia, akalibeba mpaka mbele ya kwadi, akalipandisha juu ya keria ya mbele. Nikadhani anataka kulipumzisha. Akachukua ule ukanda wa mpira, akalifunga, akakaza, akafunga tena. Akatia mkono kwenye springi. Akalisogeza sanduku kidogo kulia. Akatia mkono tena.

"Hapo," akasema. "Hii ndiyo ile nusu yako. Mpaka hospitali. Wakikurudishia ya kwako, unirudishie yangu."

Spana zake. Mtu ambaye hakumpa jirani yake spana moja afungie nati moja. Nikawasha injini. Yeye akasimama pale, mikono mitupu, na mikono yake mitupu ilikuwa kitu kigeni kukiona, kama kumwona mtu bila ndevu zake. Uso umeelekea sanduku, macho meupe yanalitafuta.

Sikuondoka.

"Nenda," akasema.

"Sanduku lako linapita katikati ya mji na mgonjwa," nikamwambia. "Anaweza kuanguka barabarani. Vijana wataokota spana moja moja. Kisha litafika hospitali, mimi nitaitwa ndani nitolewe damu, nani atalilinda nje? Au unaliacha?"

Akageuka upande. Akapangusa pua. Akatembea akaizunguka kwadi yote, kiganja kikipita juu ya tairi moja baada ya jingine, kama mtu anayesalimia jamaa kwenye msiba. Alipofika nyuma yangu akashika keria. Akasema bismillahi. Mguu mmoja ukaja. Kisha mwingine. Kisha akanikamata kiunoni kwa mikono yote miwili, kwa nguvu ya mtu anayeshikilia ukingo wa kisima.

"Mbavu tupu," akanung'unika. "Ningejua nisingehitaji uzi."

Tukaenda. Polepole sana, punda walitupita. Watu wa soko waliacha walichokuwa wakifanya wakatutazama. Mmoja akapaza sauti, "Fundi! Fundi amepanda!" na mwingine, "Nani amekufa?" Yeye hakuwajibu. Nilimsikia akipumua karibu na sikio langu, na kati ya pumzi na pumzi akitoa lawama: tairi la nyuma la kushoto lina upepo kidogo, umeshika breki bila sababu, hiyo gia si yake.

Tukafika pale barabara inaponyooka, kabla ya geti la hospitali. Kwadi ilikuwa imetulia. Usukani mwepesi, hautangatangi.

"Achia," akasema.

"Fundi, barabarani hapa! Kuna watu."

"Waryaa. Achia."

Nikatazama mbele, nikatazama sanduku la kijani limekaa kimya kwenye keria. Nikainua mikono yote miwili.

Ikaenda moja kwa moja, imenyooka kama uzi wenyewe. Na nyuma yangu yeye hakuachia, alinishika vilevile mpaka getini.